Damu kama Hati ya Historia katika Mbulu na Hanang

Mtu atakaye kuandika historia ya Mbulu na Hanang hukabiliwa kwanza na uhaba wa maandishi. Kabla ya Wajerumani kufika mwishoni mwa karne ya 19, habari za nchi hiyo hazikuwekwa kwa kalamu. Zilihifadhiwa katika masimulizi ya wazee, katika nyimbo, na katika majina ya koo na ya mahali. Baadaye zikaja barua za maofisa, daftari za kodi na taarifa za wamisionari, nazo aghalabu ziliandikwa na wageni kwa haja zao wenyewe. Hata mipaka imehama mara kadhaa: Hanang ilikuwa sehemu ya Mbulu kabla ya kuwa wilaya peke yake, na wilaya zote mbili zilihesabiwa katika Mkoa wa Arusha mpaka ulipoundwa Mkoa wa Manyara mwaka 2002.

Katika miaka ya karibuni hati ya namna nyingine imeongezwa katika hazina hiyo ndogo, nayo ni damu ya watu wenyewe. Hati hiyo ina habari za aina mbili, na ni lazima zitenganishwe tangu mwanzo. Aina ya kwanza ni maandishi ya jeni, ambayo mtu huyapokea kwa wazazi wake na kukaa nayo mpaka kufa. Aina ya pili ni utendaji wa jeni, yaani ni jeni zipi zilizokuwa zikifanya kazi na zipi zilizokuwa zimetulia saa ile damu ilipotolewa. Habari za kwanza hudumu maelfu ya miaka, hata katika mifupa. Za pili hupita kama umande. Tofauti hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini historia ya maziwa ya miaka elfu tatu katika nyanda hizo imeanza kujulikana, na historia ya maradhi ya mwaka 2020 ingali gizani.

Inafaa kuanza na maziwa. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi. Mtoto mchanga huimeng'enya sukari hiyo kwa nguvu ya kimeng'enya kiitwacho laktesi, ambacho mwili hukitengeneza kwa kufuata jeni moja iliyo katika kromosomu ya 2. Kwa watu wengi duniani jeni hiyo hupunguza kazi yake baada ya mtoto kuachishwa ziwa. Mtu mzima wa namna hiyo akinywa maziwa mengi yasiyoganda hupatwa na gesi, msokoto wa tumbo na kuhara. Kwa watu wengine, hasa wa jamii za wafugaji, jeni huendelea na kazi maisha yote. Maneno ya jeni ni yale yale kwa watu wote hao. Kilichotofautiana ni kama inaendelea kusikika au imenyamaza.

Mwaka 2002 wataalamu wa Ufini walitambua badiliko la herufi moja tu, lililo nje kidogo ya jeni ya laktesi, ambalo kwa watu wa Ulaya huandamana na uwezo wa mtu mzima kunywa maziwa. Walakini wafugaji wengi wa Afrika Mashariki, ambao maziwa ni chakula chao cha kila siku, hawakuwa na herufi hiyo. Basi ama walikuwa wakinywa maziwa kwa sababu nyingine, ama miili yao ilikuwa na jibu lake yenyewe.

Jibu lilichapishwa mwaka 2007 na kundi la wataalamu lililoongozwa na Sarah Tishkoff wa Marekani. Miongoni mwao walikuwamo Thomas Nyambo wa Muhimbili, Dar es Salaam, Sabah Omar wa Kenya na Muntaser Ibrahim wa Khartoum. Walipima watu 470 wa makabila 43 ya Tanzania, Kenya na Sudani. Na katika makabila ya Tanzania walikuwamo Wairaqw, ambao kitovu chao ni Mbulu, na Wadatoga, ambao Hanang ni mojawapo ya makao yao makubwa, pamoja na Waburunge, Wasandawe na Wahadzabe. Kipimo chenyewe kilikuwa rahisi. Mtu aliyelala bila kula alipewa gramu 50 za laktosi iliyoyeyushwa katika maji, kisha akachomwa kidole kila baada ya dakika 20 kwa muda wa saa moja. Sukari ya damu ikipanda sana, ni dalili kwamba laktosi imemeng'enywa. Isipopanda, kimeng'enya kimeshapungua.

Baada ya hapo damu ilisomwa herufi kwa herufi. Yalionekana mabadiliko matatu yasiyokuwa lile la Ulaya, na lililoenea zaidi katika Tanzania na Kenya ni badiliko la herufi G kuwa C, umbali wa herufi 14,010 kabla ya mwanzo wa jeni ya laktesi. Kwa watu wa Tanzania wenye lugha za Kiafro-Asia, kama Wairaqw na Waburunge, asilimia 46 ya nakala za sehemu hiyo zilikuwa na badiliko hilo. Kwa wenye lugha za Kinailoti, kama Wadatoga na Wamasai, zilikuwa asilimia 39. Badiliko hilo lilipotiwa katika chembe zilizokuzwa maabara, lilionekana kuongeza utendaji wa jeni. Kwa kulinganisha urefu wa kipande cha kromosomu kilichorithiwa pamoja na herufi hiyo, wataalamu walikadiria kwamba ilianza kuenea kati ya miaka 2,700 na 6,800 iliyopita. Huo ni wakati ambao ng'ombe, mbuzi na kondoo walikuwa wakiingia katika nyanda za Afrika Mashariki.

Kuenea upesi namna hiyo kuna maana nzito. Herufi haienei kwa sababu ni nzuri kuitazama. Huenea kwa sababu waliokuwa nayo walizaa na kulea watoto wengi kuliko wasiokuwa nayo. Maelezo yanayotolewa ni kwamba katika miaka ya ukame maziwa yalikuwa chakula na maji kwa pamoja. Aliyeweza kuyanywa alipona, na aliyehara kwa kuyanywa alipoteza hata maji kidogo aliyokuwa nayo mwilini. Kwa hiyo herufi moja ya damu ni kumbukumbu ya njaa na kiu nyingi ambazo hakuna mzee awezaye kuzisimulia.

Hati hiyo inafundisha jambo jingine pia. Wairaqw na Wadatoga hawasemi lugha za jamii moja, na masimulizi yao yamejaa habari za kugombea malisho na mifugo. Hata hivyo, wote wana herufi ile ile katika sehemu ile ile. Damu haikufuata mipaka ya lugha wala ya ugomvi. Ilifuata ndoa, ujirani na maisha ya namna moja. Kwa upande mwingine, Wahadzabe, wawindaji na warina asali wa kandokando ya Ziwa Eyasi, hawakuonekana na herufi hiyo, na huku karibu nusu ya wachache waliopimwa waliweza kuimeng'enya laktosi. Hapo hati inasema jambo bila kutoa sababu yake, na mwanahistoria mwenye busara huliacha kama lilivyo.

Ushahidi wa mifupa na vigae umekuja kuutia nguvu ushahidi wa damu. Kwenye uwanda wa juu wa Mbulu, upande wa wilaya jirani ya Babati, pana mahali paitwapo Luxmanda, ambapo wataalamu wa akiolojia wa Tanzania na wa nje wamechimbua makazi ya wafugaji ya miaka 3,000 hivi iliyopita. Mwaka 2017 ilitangazwa kwamba mifupa ya mtu mmoja wa Luxmanda, aliyeishi miaka kama 3,100 iliyopita, imesomwa jeni zake, na kiasi cha asilimia 38 ya asili yake kilihusiana na watu wa kale wa Mashariki ya Kati. Mwaka 2020 wataalamu wa kemia walichapisha matokeo ya kuchunguza mabaki ya mafuta yaliyonyonywa na vyungu vya wafugaji wa kale wa Kenya na Tanzania, vya Luxmanda vikiwamo, na katika jumla ya vyungu hivyo wakakuta alama za nyama, za maziwa na za mimea. Katika uchunguzi mwingine wa mwaka 2019, uliohusu watu 41 wa kale wa nchi hizo mbili, ni mtu mmoja tu miongoni mwa wafugaji hao aliyeonekana na herufi ya maziwa. Alizikwa katika pango la Gishimangeda, karibu na Ziwa Eyasi, miaka kama 2,000 hivi iliyopita.

Jambo hilo la mwisho linastahili kufikiriwa. Wafugaji walikuwako, na maziwa yalikuwako vyunguni, lakini herufi ilikuwa bado adimu. Yaani watu walianza kuyatumia maziwa kabla miili yao haijazoea. Yawezekana waliyagandisha, kwa kuwa maziwa yaliyoganda hupungukiwa na laktosi. Akili ya jikoni ikatangulia, na damu ikafuata nyuma kwa mamia ya miaka. Ni historia ndefu, na imesomeka kwa sababu moja kubwa: maandishi ya jeni hayana haraka. Aliyechelewa kuyasoma kwa miaka 2,000 aliyakuta yakimngoja pangoni.

Utendaji wa jeni hauna subira hiyo. Chembe za mwili hazitumii maandishi ya asili moja kwa moja. Hutoa kwanza nakala za muda, ziitwazo RNA, na nakala hizo ndizo zinazotumika kutengeneza protini. Jeni inayofanya kazi huwa na nakala nyingi, na iliyotulia huwa na chache au haina kabisa. Mtaalamu azihesabupo nakala katika tone la damu huona kazi ya mwili wakati ule, hasa kazi ya chembe nyeupe zinazopambana na maradhi. Lakini nakala hizo huharibika upesi. Zisipotiwa katika dawa ya kuzihifadhi au katika baridi kali mara tu damu inapotolewa, hupotea. Na hata mwilini hali ya leo huifuta ya jana. Damu ya namna hiyo haimngoji msomaji. Husomwa au huhifadhiwa wakati wake, la sivyo haitasomwa kamwe.

Haja ya kuisoma ilionekana wazi katika tauni kubwa ya wakati huu. Mgonjwa wa kwanza wa UVIKO-19 katika Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, mjini Arusha, ambako ni safari ya saa chache kwa gari kutoka Mbulu na Hanang. Mwezi Mei mwaka huo hesabu ya taifa ilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na kwa zaidi ya mwaka mmoja haikuongezwa. Rais John Magufuli alifariki dunia tarehe 17 Machi 2021. Chini ya Rais Samia Suluhu Hassan takwimu zilianza kutolewa tena katikati ya mwaka 2021, na tarehe 28 Julai chanjo ikazinduliwa.

Wakati huo huo, katika nchi nyingine, ilidhihirika kwamba si kila aliyepona alipona kweli. Watu walibaki na uchovu usiokwisha kwa kulala, pumzi fupi, na kusahausahau. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo rasmi ya hali hiyo, inayoitwa UVIKO wa muda mrefu: dalili zinazoonekana kwa kawaida miezi 3 tangu kuanza kwa ugonjwa, zinazodumu miezi 2 au zaidi, na zisizoelezeka kwa ugonjwa mwingine. Damu ikaanza kuulizwa. Mwaka 2022 wataalamu wa Sydney, Australia, walieleza kwamba kwa baadhi ya wagonjwa wa namna hiyo kinga ya mwili ilikuwa bado imeamka miezi 8 baada ya kuambukizwa, na protini ziitwazo interferoni, ambazo jeni zake huamshwa virusi vinapoingia, zilikuwa bado nyingi. Ilikuwa kama askari waliobaki na silaha mikononi baada ya vita kwisha. Wengine waliohesabu nakala za jeni walikuta tofauti katika kazi za kinga na za kugandisha damu, ingawa matokeo ya mahali pamoja hayakulingana kila mara na ya pengine.

Sehemu kubwa ya uchunguzi huo imefanywa kwa damu ya watu wa Ulaya, Marekani na nchi nyingine tajiri. Yaweza kudhaniwa kwamba hilo si neno, maana damu ni damu. Dhana hiyo inakanushwa na kazi iliyofanywa Kilimanjaro, si mbali na Manyara. Mwaka 2021 wataalamu wa Moshi pamoja na wenzao wa Uholanzi walichapisha uchunguzi wa Watanzania 323 wenye afya, wengine wa mjini na wengine wa shamba. Watu hao hawakuwa wagonjwa, lakini kwa utendaji wa jeni za damu walitofautiana: wa mjini walikuwa na dalili zaidi za kinga iliyochochewa, na chakula kilikuwa sehemu ya sababu. Mwaka 2025 yakafuata matokeo ya jaribio la wanaume 77. Wa shamba walipobadilishiwa chakula kwa majuma 2 wakala cha kizungu, kinga yao ilielekea kwenye uchochezi. Wa mjini waliorudishiwa chakula cha asili walielekea upande wa pili.

Maana yake kwa Mbulu na Hanang ni hii. Kama damu ya mtu mzima wa afya hubadilika kwa safari ya kutoka shamba hadi mjini, na kwa majuma mawili ya chakula, basi haiwezekani kuichukua damu ya London au New York kuwa mizani ya kumpimia mkulima wa Dongobesh au mfugaji wa Basotu. Ili mtu ajue jeni ipi imebaki macho baada ya ugonjwa, lazima kwanza ajue ilivyokuwa kabla ya ugonjwa kwa watu wa mahali pale pale, kwa chakula chao na maradhi yao ya kawaida.

Maradhi hayo ya kawaida ndiyo yanayoongeza uzito wa jambo. Mkulima aliyeshindwa kumaliza ngwe yake mwaka 2020 au 2021, na mama aliyepumzika mara tatu katika mlima aliozoea kuupanda bila kusimama, wangeweza kuwa na sababu nyingi. Kifua kikuu huchosha. Malaria huchosha. Ugonjwa wa kutupa mimba wa ng'ombe, unaompata mtu kwa kunywa maziwa mabichi ya mnyama aliyeambukizwa, huleta homa za kurudiarudia na uchovu wa miezi mingi. Na hivyo maziwa yale yale yaliyowaokoa wahenga katika ukame huweza kumlaza mjukuu. Bila damu iliyopimwa na kuhifadhiwa wakati ule, hakuna awezaye kusema kwa yakini ni nani aliyechoshwa na kipi.

Haiwezi kusemwa kwamba nchi hiyo ilikosa kabisa watu na mahali pa kazi kama hiyo. Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, wilayani Mbulu, iliyofunguliwa mwaka 1955 na wamisionari wa Norwei, imeshiriki katika tafiti kubwa za dunia. Tangu mwaka 2009 ilikuwa mojawapo ya vituo 8, kimoja katika kila nchi, vilivyofuatilia watoto tangu kuzaliwa ili kujua kwa nini wengine hudumaa, na vipimo vya kinyesi, mkojo na damu vilikusanywa kwa utaratibu. Baada ya hapo, tangu mwaka 2017, watoto 1,188 waliingizwa katika jaribio la dawa na vitamini kwa ajili ya ukuaji. Akina mama wa vijiji vya mbali walikubali, wakaja, wakarudi tena. Kwa hiyo kusema kwamba watu wa shamba hawawezi kuifanya kazi ya utafiti wa muda mrefu ni kuwadhulumu.

Yaweza kuulizwa kama kosa haliwezi kusahihishwa kwa kutoa damu sasa. Kwa sehemu linaweza: wagonjwa wa leo wanaweza kuchunguzwa, na mizani ya watu wenye afya inaweza kuwekwa. Lakini kwa mwaka 2020 lango limefungwa. Tangu wakati huo watu wameambukizwa tena na tena kwa virusi vilivyobadilika, na wengine wamechanjwa. Damu ya leo haiwezi kutenganisha alama ya mwaka ule na za miaka iliyofuata. Kilichobaki ni ushuhuda wa kinywa. Wazee na vijana wa Mbulu na Hanang waliougua wangali hai, wanakumbuka ni msimu gani walishindwa kulima na ni nani aliyewalimia. Ushuhuda huo haupimi interferoni, lakini una tarehe, una majina ya mashamba, una hesabu ya magunia yaliyopungua. Mwanahistoria anajua kuukusanya, na anajua pia kwamba nao una umri wake.

Katika ukusanyaji wa damu na wa maneno, haki ya mwenyewe haina budi kutangulia. Mtu aliyechomwa kidole ili isomwe historia ya miaka elfu tatu anastahili kurudishiwa habari hiyo kwa lugha anayoielewa, aijue kama anavyojua ukoo wake. Tanzania ina sheria za kutoa vibali vya utafiti wa afya kupitia Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa, na hilo ni jema. Walakini kibali hulinda kazi inapoanza, na deni la kurudisha matokeo huja inapokwisha. Mtoto wa shule ya Katesh au ya Mbulu mjini angefaidika kusoma kwamba jibu la wafugaji wake kwa ukame liliandikwa ndani ya wahenga wake, bila kuazimwa Ulaya.

Haifai kusahau kwamba kutokuwako kwa hati si kutokuwako kwa tukio. Vyungu vya Luxmanda vilikaa ardhini bila mtu kujua kama vilipata kutiwa maziwa, na watu wake waliishi, walikamua, waliugua na kuzikana pasipo kungoja kuandikwa. Wao walibahatika kuacha mifupa inayosomeka. Waliougua katika nyanda hizo hizo mwaka 2020 waliacha damu isiyohifadhiwa, na kama maneno yao nayo hayatakusanywa wangali wanayakumbuka, basi mtu wa karne ijayo atajua zaidi juu ya mfugaji wa Gishimangeda kuliko juu ya babu yake mwenyewe.